Zakariya na Mfaransa Asiyeshinda

Inatangazwa kwa wakaazi wote wa Birkat al Mauz, wake kwa waume, wenye afya na wenye sukari, na kwa kila mwenye shamba la ndizi linalongoja zamu yake ya maji ya mfereji wa falaji, kwamba siku ya Alkhamisi, baada ya sala ya alasiri, Bwana Zakariya bin Marhun, mstaafu, atavishwa joho na kukabidhiwa ngao ya shaba kwa utumishi wake uliotukuka katika uwanja wa baiskeli duniani. Watoto waje wameoga. Simu zije zimechajiwa. Mbuzi wafungwe.

Tangazo hilo lilibandikwa kwenye mlango wa duka la vipuri vya magari la Muatasim, mwenyekiti wa kamati aliyejichagua mwenyewe kwa kura zote, kisha likasambazwa katika kila kundi la WhatsApp la kijiji, hata lile la habari za misiba. Halikutaja kwamba Bwana Zakariya hajawahi kumiliki baiskeli tangu azaliwe. Wala halikutaja kwamba utumishi wenyewe uliotukuka ulikuwa ni kumwangusha mtu.

Zakariya alizaliwa Unguja, akaletwa Omani akiwa mikononi mwa mama yake kabla hajajua kutembea, kwa hiyo Unguja yake ni ya kuhadithiwa. Lugha lakini aliibeba kama ilivyo. Alisoma Nizwa, akapata kazi Nizwa, katika ofisi ya serikali ambayo hatuitaji jina kwa sababu kila mtu ana mpwa wake mle ndani. Akapanda cheo, akapanda tena, akawa naibu mkuu. Hapo akakwama kama mfupa wa samaki kooni.

Wakuu walikuja na kupita. Alikuja kijana na shahada yake, Zakariya akamfundisha faili ziko wapi na nani asikalishwe karibu na nani, na kijana akishaelewa anapandishwa kwenda Maskati. Ikafanywa karamu ya kumuaga. Hotuba akatoa Zakariya, akicheka. Akaja mwengine. Ofisi nzima ilimpenda, maana naibu ni mtu rahisi kupendwa: aliye juu hamhofu, aliye chini hamuonei gere. Siku aliyostaafu walilia mpaka wakakosa hamu ya keki. Hakuna aliyeuliza kwa nini hakuwa mkuu hata kwa mwezi mmoja.

Mapenzi yake na Mfaransa yalianza likizo moja ya Julai. Julai Nizwa hutoki nje ila una kesi mahakamani. Alikuwa kajilaza mbele ya kiyoyozi, anabonyeza rimoti, akaangukia mashindano ya baiskeli ya Ufaransa. Mwanzo hakutazama baiskeli. Alitazama ng'ombe. Alitazama mito, mvua, majani mabichi yasiyolimwa na mtu. Kisha, katikati ya majani yale, akamwona mtu mrefu mwembamba anayeongoza, na mtangazaji Mwarabu anasema kwa sauti ya mtu anayesoma wasia: "Rémi Castelnou, maskini, leo huenda ikawa siku yake."

Haikuwa siku yake. Tairi lilipata pancha karibu na mstari wa kumalizia, akawa wa pili.

Mwaka uliofuata alikuwa wa pili kwa sababu ya mbwa. Mwengine, kwa sababu mpinzani wake alianguka na yeye akamngoja ainuke, na mpinzani alipoinuka akamshinda. Kulikuwa na mwaka aliovaa fulana ya kiongozi karibu mashindano yote, akavuliwa mwishoni kama mtu anayenyang'anywa shuka alfajiri. Na kila akishindwa, Wafaransa walizidi kumpenda. Waliandika jina lake barabarani kwa chokaa kubwa kuliko jina la bingwa. Vikongwe walimfumia soksi. Mwokaji mmoja wa kijijini kwao aliuza keki yenye jina lake, keki isiyoumuka, na watu wakapanga foleni. Bingwa alipata kombe na makofi ya heshima. Rémi alipata machozi.

Zakariya hakulia. Zakariya alikasirika.

"Wanampenda nini?" alimuuliza mkewe. "Wanapenda vile anavyoshindwa! Hawa si watu wazuri, Rahila."

"Mke mwenzangu kashindwa tena?" aliuliza Bi Rahila kutoka jikoni. Ndivyo alivyomwita Mfaransa, mke mwenzangu, kwa kuwa alasiri zote za Julai zilikuwa zamu ya huyo mwenzake.

"Sasa ilikuwa ashinde."

"Weye kila mwaka sasa ilikuwa ashinde. Njoo ule."

Zakariya alistaafu, na mwaka uleule Castelnou akatangaza kwamba huo ni msimu wake wa mwisho. Atamaliza bila ya kushinda shindano hata moja kubwa. Na msimu wenyewe ataufungua Omani, Februari. Watapita pwani, Tiwi na Qalhat mpaka Sur, na siku ya mwisho watapanda Jabal Akhdar. Njia ya Jabal Akhdar ni moja, nayo inaanzia Birkat al Mauz, mlangoni kwa Zakariya.

Hakulala vizuri wiki ile. Asubuhi ya siku yenyewe alivaa dishdasha mpya, akafunga kilemba, akajaza dele kahawa.

"Unakwenda wapi na dele?" aliuliza Bi Rahila.

"Mtu anapita mlangoni kwangu baada ya miaka yote ile, nimpungie mkono kama basi la skuli?"

"Yakhe, yule yuko mashindanoni, haji kutoa pole!"

"Mgeni ni mgeni."

Binti yao Ghadeer, anayefanya kazi benki Nizwa na Kiswahili chake kinachechemea, alimpeleka kwa gari kupita kituo cha polisi, mpaka kwenye kona ambayo mlima unasimama kama ukuta. Watu hawakuwa wengi. Polisi aliwaambia wakae nyuma ya mstari, akamuamkia Zakariya, akanywa finjani mbili, akatikisa, akaenda zake.

Kisha redio ya polisi ikasema Mfaransa kawaacha wenzake.

Akatokea kwenye kona peke yake. Kifua wazi, chupa zake mbili tupu, chumvi imemganda mashavuni. Wa nyuma yake hawakuonekana hata vumbi lao. Pale pana mwinuko ambao mwanadamu wa baiskeli, hata awe nani, huenda mwendo wa mtu anayepeleka suruali kwa fundi. Zakariya akatoka barabarani, dele mkono wa kushoto, finjani mkono wa kulia, kama inavyotakiwa.

"Tafadhal, ya Rémi!"

Na Rémi, ambaye bila shaka mama yake alimlea vyema, akapokea akanywa. Mpanda baiskeli mwengine angeivurumisha finjani bondeni kama wanavyotupa chupa zao. Huyu aliona ni finjani ya kauri yenye ua jekundu, mali ya nyumba ya mtu, akaona haya. Akanyoosha mkono kuirudisha.

Kwetu, finjani inayorudishwa bila ya kutikiswa ni finjani inayoomba. Mgeni aliyetosheka huitikisa kidogo kwa vidole, na mwenyeji huipokea. Asipotikisa, unamimina. Hata awe mkweo. Hata awe adui yako. Zakariya alikuwa anatimua mbio kando ya baiskeli, umri wake na sukari yake, na finjani imenyooshwa mbele yake bila ya kutikiswa. Akamimina.

Rémi akaitazama imejaa tena. Mtu mwenye adabu hamwagi kinywaji cha mzee mbele ya macho yake. Akanywa. Akanyoosha mkono.

Zakariya akamimina.

"Tikisa!" alipiga kelele kwa Kiswahili, kisha kwa Kiarabu. "Tikisa, mwanangu, tikisa!"

Rémi akadhani anashangiliwa. Akatabasamu, akanywa ya tatu, akanyoosha mkono.

Ya nne haikufika. Ndara ilikanyaga pindo la dishdasha, Zakariya akaanguka juu ya gurudumu la mbele, Rémi akaanguka juu ya Zakariya, na dele likaanguka juu ya wote wawili. Wakati wanazinduka, wale wa nyuma walishafika na kupita, mmoja mmoja, bila ya kugeuza shingo. Rémi aliinuka na goti linachuruzika damu. Alimshika Zakariya mkono akamsimamisha, akamuuliza kitu ambacho kwa sauti yake kilikuwa ni kumuuliza kama ameumia. Kisha akapanda baiskeli. Akawapita wote aliowakuta njiani, isipokuwa mmoja.

Akawa wa pili.

Ghadeer alikuwa amerekodi yote. Video hakuituma kwa mtu ila binamu yake mmoja, kwa siri, na kwa hiyo mpaka magharibi ilikuwa imefika Ufaransa.

Siku za mwanzo Wafaransa walimlaani. Zakariya alitaka asomewe kila kitu, na Ghadeer alimsomea kutoka kwenye simu.

"Huyu anasema wewe mjinga, baba. Huyu anasema wewe mjinga lakini kwa maneno mrefu."

"Endelea."

"Huyu anataka watu wafunge wewe jela. Baba, khalas, tuache."

"Endelea, mwanangu."

Kisha Castelnou akahojiwa kwenye televisheni ya kwao, goti limefungwa bendeji, akasema: "Nimeshindwa kwa njia nyingi maishani. Hii ndiyo ya kwanza iliyokuwa na iliki." Akacheka. Ufaransa nzima ikayeyuka kama samli.

Huko nyuma walimpenda, sasa walimwabudu. Msimu ule, kila alipopita, watu walisimama barabarani na vikombe wakimnyooshea. Kampuni moja ya kahawa ikamweka kwenye tangazo, anacheka, amevaa kilemba kilichofungwa na mtu ambaye hajawahi kuona kichwa. Profesa mmoja akaeleza redioni kwamba kushindwa kwa Castelnou ni lugha ya mshikamano wa binadamu, na hakuna aliyemuuliza yeye binafsi kazi yake aliipata kwa kushindwa mitihani mingapi. Julai ilipokwisha, alipokewa Paris kwa kelele zilizomzidi bingwa. Akastaafu bila ya kushinda.

Birkat al Mauz nayo ikafurahi. Waliotoka Afrika, walioitwa Wazinjibari kwa kubezwa tangu walipokuja, sasa walikuwa Wazinjibari wetu. Kwenye sabla, ukumbi wa wanaume wa mtaa, kila mtu akimwona Zakariya aliinua finjani akasema, "Mzee, tuangushe na sie!" na ukumbi ukaangua kicheko. Alicheka nao mara ya kwanza. Mara ya pili alicheka. Kisha akaacha kwenda.

Akaacha na kushika dele. Wageni walikuja, na mwenye nyumba alikaa mikono imefumbatana kama mgeni wa wageni, kahawa anamimina binti yake. Katika nyumba ya Omani hilo ni jambo la kunong'onezwa, na likanong'onezwa. Akaacha na televisheni. Julai ile ya mwisho ya Rémi hakuitazama hata siku moja. Alilala chali anasikiliza kiyoyozi. Daktari Nizwa akasema presha, akaandika vidonge, na Zakariya alivimeza kwa utiifu wa mtu ambaye hakuvitarajia kufanya kitu.

Tangazo la kahawa lilimfikia hata hivyo, kwenye simu ya Ghadeer.

"Kicheko kile nakijua," alimwambia Bi Rahila.

"Weye unakijua kicheko cha Mfaransa?"

"Changu kile. Cha karamu za kuaga."

Baadaye Bi Rahila alimwambia Ghadeer jikoni, "Miaka yote nimemchukia mke mwenzangu. Leo ningempata ningempikia."

Zakariya alimtaka Ghadeer ampelekee Rémi ujumbe. Maneno yalikuwa machache: samahani, sikukusudia. Ghadeer aliyatafsiri, akayatuma. Jibu lilirudi asubuhi yake.

"Kasema nini?"

"Imejibu ofisi yake, baba. Wametuma picha yake." Alisita. "Na moyo mbili."

Zakariya akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeletewa chai bila sukari na hana nguvu ya kuirudisha.

Hapo ndipo alipoingia Muatasim na kamati yake. Muatasim ukoo wao umetoka Bujumbura, watu wa biashara, na hajapata kuona janga asilolipigia hesabu ya rejareja.

"Shikamoo, Mzee Zaka!"

"Marahaba. Ukitaka kahawa, Ghadeer yuko ndani."

"Mzee, Mfaransa anakuja! Na televisheni! Wanatengeneza filamu ya maisha yake, wanataka kuona pale mahali. Hii ni chansi ya kijiji kizima, mzee. Mimi nishapata na jengo la mgahawa. Nitauita Finjani ya Nne."

"Pale mahali nilipomwangusha."

"Tusiseme kuangusha, mzee. Tuseme mlipokutana." Alivuta mto, akakaa karibu. "Sasa, wale watu wa filamu wana ombi dogo. Wanaomba uanguke tena. Kidogo tu. Tutatia godoro."

"Muatasim, mwanangu," Bi Rahila alisema kutoka mlangoni, "mume wangu ana umri wa kuanguka mara moja."

"Bi mkubwa, ni godoro zuri."

"Basi lalia weye."

"Sianguki," alisema Zakariya. "Lakini nitakuja. Kuna kitu nataka kumuuliza."

Siku ya Alkhamisi Rémi Castelnou aliletwa kwanza nyumbani kwa Zakariya, kabla ya sherehe. Alikuwa amenenepa kidogo. Alikaa chini juu ya mto wa kukalia, mguu mmoja umenyooshwa, maana goti lile halikukunjika sawasawa. Watu wa filamu walikuwa nje wanabishana na jua. Ghadeer akakaa katikati, anatafsiri kwa Kiingereza, ambacho Rémi alikijua kidogo.

"Muulize," alisema Zakariya, "siku ile, kabla ya kahawa. Alijua kuwa atashinda?"

Ghadeer akauliza. Rémi akacheka, akasema lile neno lake la iliki. Zakariya alingoja kicheko kipite, kama mtu anayengoja lori lipite ndipo avuke barabara.

"Muulize tena."

"Baba..."

"Muulize tena."

Safari hii Rémi hakucheka. Alitazama mlangoni, akaona hakuna kamera. Akasema maneno machache, taratibu, anashika goti lake.

"Kasema nini?"

"Khalas, baba."

"Kasema nini, Ghadeer?"

"Kasema ndiyo." Macho yake yalikuwa kwenye zulia. "Kasema siku ile miguu yake ilikuwa kama ya kijana. Hajasikia hivyo tena. Kasema kila asubuhi akiamka anafikiri ile kona. Na kasema usiambie watu."

Zakariya akaitikia kwa kichwa. "Mwambie nimesikia."

Walikaa hivyo wawili, mmoja mguu umekunjwa na mmoja haukunjiki, mpaka Muatasim alipokuja kupiga makofi mlangoni kwamba watu wamejaa.

Na kweli walijaa. Watoto walikuwa wameoga, wengi wao. Joho lilikuwa refu kuliko Zakariya, likabidi Muatasim alinyanyue nyuma kama mbeba pazia. Zikasomwa salamu. Akasoma salamu mtu ambaye hakualikwa. Ngao ya shaba ilichorwa baiskeli yenye magurudumu matatu, kosa la fundi, lakini iling'aa.

Kisha Rémi akapewa kipaza sauti, na mkalimani wa filamu akamgeuzia maneno kwa Kiarabu. "Kama ningeshinda siku ile," alisema, "leo nani angenikumbuka? Ningekuwa jina moja katika safu ya majina. Bwana Zakariya alinipa kikubwa kuliko ushindi. Alinipa mapenzi ya watu!"

Vigelegele. Simu zote juu. Mtu mmoja wa sabla alilia kwa sauti, na baadaye akakanusha. Rémi aliinamisha kichwa, akafungua kile kicheko, akakiacha wazi kwa ajili ya picha.

Muatasim akanyakua kipaza sauti. "Mabibi na mabwana! Mzee wetu, fahari ya Birkat al Mauz, fahari ya mkoa wa Dakhiliya! Ufaransa inampenda, dunia inampenda, na leo, mbele ya kamera za kimataifa, atatupa neno moja la kihistoria, neno ambalo wajukuu zetu watalisoma skuli. Mzee Zaka, karibu!"

Hata watu wa filamu walisogea. Zakariya alishika kipaza sauti karibu mno na mdomo, kikapiga mluzi, akakisogeza. Akamtazama Rémi, ambaye bado alikuwa anacheka.

"Miye nilitaka ashinde," alisema.